Fundi Matano Alizikwa Kimya

Watu wa Bofu wakimtaja marehemu mume wangu husema, "Yule fundi wa baiskeli, yule aliyetukanwa na msichana wa bara siku ya maziko yake." Wengine hawamjui kwa lingine. Nimelisikia neno hilo sokoni, nimelisikia harusini, na kila nikijibu watu hunitazama kama mjane aliyechanganyikiwa. Basi naliandika. Kuandika kwenyewe nalijifunza ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru. Atakaye kunisahihisha herufi na anisahihishe, ila maneno ya Matano asiyaguse.

Matano alizaliwa papa hapa Bofu, nyuma ya kisima cha msikiti. Babake alikuwa mtu wa mihogo na minazi, akataka mwanawe alime. Matano jembe hakulipenda. Akiwa kijana alivuka feri akaenda kubeba magunia kwenye ghala moja Changamwe, akabeba miaka na miaka, mpaka siku rundo lilipoporomoka likamvunja paja. Mfupa ulishika vibaya. Toka hapo alitembea kama mtu anayepanda ngazi kwa mguu mmoja, na wa kwanza kuucheka mwendo huo alikuwa yeye mwenyewe. Ukimpa pole alikujibu, "Mguu huu umenistaafisha kabla ya mvi. Mwajiri gani ana huruma kama hiyo?"

Alinunua baiskeli mbili kuukuu, akajenga kibanda cha makuti mbele ya nyumba yetu, akawa akizikodisha kwa watoto na kuziba pancha za watu wazima. Baiskeli moja aliiita Bibi Harusi kwa kuwa haikutaka kupandwa asubuhi. Nalimkataza jina hilo, asisikie. Nyumba yetu haikuwa na raha ya mali lakini ilikuwa na kicheko, na mimi si mwepesi wa kucheka, muulizeni yeyote.

Sasa, kuna jambo lazima lieleweke, maana vijana wa leo hulisikia kama hadithi. Kina Matano na kina Nguma wa Timbwani walikuwa watani toka enzi za mababu. Mtani si rafiki tu. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu yako wa tumbo moja hana. Atamshika kuku wako aende naye huku unatazama, atakuita mwizi mbele ya wakwe zako, na ukinuna wewe ndiwe mwenye makosa. Na siku ukifa, yeye ndiye wa kulizuia jeneza lisitoke. Atakutukana mpaka wanaolia wacheke, kisha atapewa chochote apishe njia. Wazee wetu walisema maiti asiyetaniwa huondoka akidhani hakuna aliyemjua.

Nguma alikufa mwaka wa tisini na moja. Matano alikwenda Timbwani na ule mguu wake, na jeneza lilipotolewa ndani, akajilaza katikati ya njia, kanzu nyeupe kwenye vumbi.

"Nguma hapiti," akasema. "Ana shoka langu. Mkimzika, mnazika mwizi na ushahidi wake."

Wanaume wakasimama na jeneza mabegani. Matano akainuka, akaigiza Nguma alivyokuwa akisinzia kwenye hotuba ya Ijumaa, kichwa kikienda na kurudi kama mjusi kafiri, kisha akishtuka na kuitikia "Amin" mahali pasipo na dua. Watu waliocheka walikuwa wengi. Mjane mwenyewe, tuliyekuwa naye ndani penye dirisha, alikuwa ameuma leso asitoe sauti, na sauti ikatoka. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Alicheka, kisha akalia kilio ambacho toka asubuhi kilikuwa kimemkwama.

Lakini wana wa Nguma walisimama kando, mikono mfukoni, kama watu walioona babu wa mtu akivua nguo. Mmoja akasema si kwa kunong'ona, "Haya mambo ya ushamba yataisha lini?"

Jioni ile Matano hakula. Aliketi kwenye kizingiti akiinyoosha njiti ya gurudumu iliyokuwa imenyooka tayari.

"Mama Ishaka," akaniambia, "mimi atanizuia nani?"

"Wana wa Nguma si wapo?"

"Uliwaona?"

Niliwaona, na mikono yao mfukoni.

"Nimewachekesha watu misibani toka sijaota ndevu," akasema. "Mimi nitapita njia nyeupe, bila wa kunizuia, kama mgeni."

Baada ya siku hiyo hakuwa na hofu nyingine. Kifua kilianza kumbana, hakikumsumbua. Kilichomsumbua ni hilo.

Mwaka uliofuata ndipo alipokuja Philister. Babake alikuwa mfanyakazi wa bandarini aliyehamishwa kutoka Nairobi, wakapanga nyumba upande wa Mtongwe. Msichana wa miaka kumi na sita, mrefu, mwembamba, suruali ya jinzi, nywele kazikata kama mvulana. Alifika kibandani akisukuma baiskeli ya babake.

"Niaje, buda? Hii mguu ya nyuma imelala."

Matano akainua kichwa. "Mimi si Buda, mimi ni Matano. Na huo si mguu, ni gurudumu."

"Si yote inatembea?"

Nilikuwa nikikuna nazi dirishani. Maneno yale yalinikwaruza kama mbuzi ya nazi. Sisi watu wa pwani Kiswahili hatukukinunua dukani. Nikamwita, "Wewe msichana, kwenu watu hawaamkuani?"

"Tunaamkuana, mathee. Si nimesema niaje?"

"Mathee ni nani?"

"Ni wewe."

Nikafunga dirisha.

Nilidhani Matano atakasirika kama mimi. Wapi. Kesho yake msichana yule alirudi, safari hii bila pancha, na kesho kutwa pia. Alikuwa hana marafiki huku, na shuleni walimcheka kwa Kiswahili chake, yeye aliyezoea kuwacheka wengine. Siku moja nikamsikia, wallahi kwa masikio yangu, akimwambia mume wangu:

"Buda, wewe ni mzee hadi baiskeli yako ya kwanza ilikuwa na kwato."

Nilisimamisha mwiko. Kijiji kizima hakuna mtoto aliyewahi kumwambia Matano neno kama hilo. Kisha nikasikia pampu ikianguka chini. Alikuwa akicheka mpaka ameshika nguzo.

"Na wewe," akasema alipopata pumzi, "ni mwembamba hata ukinywa chai ya rangi twaiona ikishuka."

Msichana akapiga makofi. Kumbe kwao huko Nairobi vijana wana mchezo wao, wanauita mchongoano, hukaa vichochoroni wakitupiana maneno hayo, na atakayekosa jibu ameshindwa. Matano akamuuliza yote, kama mtu anayeuliza njia. Akaambiwa kwamba huko hasa hutaniwa mama wa mtu.

"Hapo mmekosea," akamwambia. "Mama wa mtu haguswi. Mtanie mwenyewe, akiwa mbele yako, akuone meno. Na si kila mtu ana haki. Utani ni kama baiskeli, usipande ya mtu ambaye hajakupa."

"Na wewe umenipa?"

"Bado nakutazama."

Mimi sikuupenda mchezo ule, wala leo siupendi. Nalisema na narudia: lugha ile haina adabu wala haina umbo, ni kama nguo iliyoshonwa kwa viraka vya majirani. Wazee wa barazani nao walimwambia Matano anazeekea utotoni. Mwanangu Ishaka, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda kimoja Changamwe na kuja Ijumaa kwa Ijumaa, ndiye aliyekereka zaidi.

"Baba, lugha hiyo ni ya manamba wa matatu," alisema. "Naisikia stendi kila nikienda kazini, nije niisikie na kwetu?"

"Kwani manamba hawacheki?" babake akamjibu.

"Wanacheka, wakiwa wameshakuibia."

Nilikuwa upande wa Ishaka. Nikaweka sharti: ndani ya ua wangu Kiswahili ni kimoja. Yule msichana alikuwa akisimama nje ya ua, anamaliza maneno yake yote ya Nairobi kwa sauti, kisha anaingia ameinamisha kichwa, "Shikamoo, bibi." Mpaka mimi siku nyingine ilibidi nigeuke upande wa jikoni.

Ramadhani ya mwaka wa tisini na tatu, mchana, watu wote wamelala na saumu zao, nilikuwa uani nakanda unga wa mahamri. Matano alikuwa ameketi karibu nami, kifua kikimpiga mluzi. Philister alikuja kurudisha pampu. Matano akamwambia aketi. Akamsimulia maziko ya Nguma toka mwanzo, shoka na usingizi wa msikitini na vumbi. Yule msichana hakucheka. Alisikiliza kama watoto wa chuo cha Kurani.

"Sasa wako wa kukuzuia ni nani?" akauliza.

Nilidhani atasema "sina." Badala yake Matano akachota unga wangu, mweupe, uliochungwa, akampaka msichana shavu hili na shavu hili.

"Mpake na mimi," akamwambia.

"Matano, unga huo," nikasema.

Msichana akanitazama mimi, akamtazama yeye, akachota, akampaka. Mzee mzima mwenye ndevu, uso kama mwanasesere.

"Hivi ndivyo utani unavyofungwa penye watu wasio damu moja," akasema. "Baba yangu alinionyesha. Toka leo wewe ni mtani wangu, na Mama Ishaka ndiye shahidi. Siku yangu ikifika utanizuia. Usiogope uso wa mtu. Watanuna, kisha watacheka."

"Kwa Kiswahili ama kwa ile yangu?"

"Kwa ile yako. Ya kukopa haichekeshi."

Philister alipoondoka nalimlaumu Matano. Nikamwambia watu hawatamwelewa. Akasema, "Siku ya Idd Ishaka akija nitamwambia mbele ya wazee, utani utangazwe, kila mtu ajue." Nikasema vyema. Basi tukafuturu.

Idd hakuiona. Siku chache baadaye kifua kilimziba, akakaa akitweta, na alfajiri moja, mimi nimemwegemeza kwenye mto wa kitanda, akakata roho. Alikuwa hajamwambia yeyote.

Maiti ya Mwislamu haiwekwi. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshaoshwa na kukafiniwa, na Ishaka amefika, na ua umejaa. Mimi nilikuwa nimeshakalishwa chumba cha ndani, nguo nyeupe, kichwa nimefunikwa, mwenye eda. Wifi yangu Nyamvula, dadake Matano, alikaa ubavuni kwangu akinishika mkono. Watu watasema mbona hukumwambia mwanao. Nawaambia hivi: wewe umewahi kufiwa alfajiri na kuzikiwa adhuhuri? Kichwa changu kilikuwa kama nyumba iliyohamwa. Na sikudhani kwamba msichana angepata habari, sembuse kuja.

Dirisha la chumba kile linatazama mlango wa ua. Lilikuwa limefungwa, lakini mbao zake ni kuukuu na sauti hupita. Nikasikia wanaume wakinyanyua jeneza, nikasikia tahalili, La ilaha illallah, inaanza. Kisha ikakatika.

"Hapiti!"

Nilimjua kwa neno hilo moja.

"Huyu buda hapiti! Nina pancha!"

Baadaye Nyamvula, aliyeruka dirishani kuchungulia, alinieleza. Alikuwa amejilaza njiani, hivyo hivyo kama alivyofanya Matano Timbwani. Alikuwa amevaa gauni, si suruali, na leso ya kuazima kichwani. Alikuwa amejitayarisha, mtoto wa watu.

"Buda, amka, acha kujifanya! Mtu mzima unabebwa ka gunia ya viazi? Wewe ni mvivu hadi kwenda kwako unabebwa!"

Nikasikia mtoto mmoja akicheka. Mmoja tu, kisha akapigwa kofi. Kisha wanaume: "Astaghfirullah. Nani huyu? Mtoto wa nani?"

Hawa ni watu wale wale waliocheka kwa Nguma. Neno ni lile lile, kulala ni kule kule. Lakini limetoka kwa mdomo wa msichana, wa bara, kwa lugha ya vichochoroni, wakasikia matusi matupu.

"Toka hapo," hiyo ilikuwa sauti ya Ishaka.

"Siwezi toka. Aliniambia nimzuie."

"Nani alikwambia?"

"Buda."

Angesema "mzee," angesema "babako," pengine mwanangu angesimama kidogo. Lile neno la manamba ndilo lililommaliza. Nikasikia mburuzo, na leso ikipasuka, na msichana akisema, "Aliniambia mwenyewe, alinipaka unga, uliza mathee, uliza mathee huko ndani."

Nikapiga kelele. "Mwacheni! Ni mtani wake! Mimi ndiye shahidi!"

Nyamvula akaniziba mdomo. "Nyamaza, wifi. Mwenye eda hapazi sauti. Wanaume wako nje."

Nikamng'ata kidole. Alama anayo mpaka leo, na sikumwomba radhi. Lakini tahalili ilikuwa imeanza upya, na safari hii waliinyanyua juu sana, kama watu wanaofunika kitu. Wakapita. Nilisikia miguu yao mpaka ilipoishia kwenye mchanga wa makaburini, hakuna aliyecheka, hakuna aliyezuia. Mume wangu akapita njia nyeupe, kama alivyosema.

Kesho yake Ishaka alipoingia kunijulia hali nikamweleza.

"Baba yako alimfunga utani yule mtoto."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

"Na nani mwingine?"

"Mungu, na unga wangu."

Macho yalikuwa mekundu, hakuwa amelala. "Mbona hakuniambia?"

"Alikuwa akingoja Idd."

"Mama, yule alimwita mvivu. Maiti ya baba yangu iko mabegani mwangu, naambiwa mvivu."

"Na Nguma aliitwa mwizi, nawe ulicheka. Nilikuona kupitia dirisha."

Akaichukua kofia yake. Kisha akasema, "Ameshazikwa, mama." Akatoka. Lakini toka siku hiyo alikuja akiuliza mambo madogo madogo: unga ulikuwa wa nini, babake alikaa upande gani, alisema nini hasa. Nilimjibu kila mara, wala sikumlainishia.

Eda yangu ilipokwisha, Ishaka mwenyewe ndiye aliyesema twende. Tulikwenda Mtongwe kwa miguu. Mamake Philister alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili, akatukalisha, akamwita bintiye. Nilidhani yule msichana atatoka na maneno yake. Alitoka amejifunga leso kifuani, akatuamkua mmoja mmoja, Kiswahili safi, pole pole, kama anayevuka ubao mwembamba. Mamake akasema siku hizi yuko hivyo hivyo, hata na ndugu zake.

Ishaka alijaribu. "Binti, siku ile," akasema, "mimi nalikuwa sijui."

"Si neno, kaka."

"Mama amenieleza. Ulikuwa na haki."

"Si neno."

Mwanangu si mtu wa maneno, hakumrithi babake kwa hilo. Alikaa akizungusha kofia mikononi. Kisha akauliza, "Yale uliyosema... yalikuwa yamekwisha? Au kulikuwa na mengine?"

Philister akanitazama mimi. Nikamwambia, "Sema, mwanangu. Sema kwa ile yako."

"Kulikuwa na moja," akasema. "Nilikuwa nimeiweka ya mwisho."

"Hebu."

Akasimama wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Akasema bila kupandisha sauti wala kushusha:

"Buda, wewe ni mchoyo hadi umechagua kufa Ramadhani, ndio watu wasikule matanga yako."

Hilo nililielewa, neno kwa neno. Wallahi lilikuwa zuri. Lilikuwa la Matano hasa. Siku ile, ua umejaa watu wenye saumu, midomo imekauka, tumbo kwa mgongo, lingesemwa kwa sauti yake ile ya zamani, wazee wangeishika miti. Mimi mwenyewe ningeuma leso, nami si mwepesi wa kucheka. Na baada ya kucheka ningelia, na pengine kilio kingenitoka chote, kisingebaki hiki nilichonacho.

Lakini utani wa maziko una siku yake moja. Tulikuwa watu wanne kwenye chumba cha kupanga, baada ya miezi. Ishaka alifunika uso kwa kofia. Mamake Philister hakujua atazame wapi, akaenda kuleta chai. Philister akasubiri kidogo, nadhani alikuwa akisubiri mmoja wetu acheke, kisha akaketi, akavuta leso mpaka magotini.

Chai ilikuja. Tukainywa ikiwa moto, tukashukuru, tukaaga.